Ovaroli za Mkwe

Zamani mtu alitoka kiwandani ameoga, mikono mitupu. Siku hizi anatoka na kiwanda kizima kwenye nguo zake, anakipeleka kulala na mtoto wake.

Dobi aliziishi enzi zote mbili. Kiwanda kile cha betri za magari kilimwajiri angali kijana, na tangu hapo jina alilopewa na mama yake likafa. Hata siku ya harusi yake alitangazwa Dobi. Chumba chake cha kufulia kilikuwa na milango miwili. Wanaume waliingia kwa mlango mmoja wakiwa wa kijivu kuanzia kope hadi buti, kwa vumbi la risasi, madini yale mazito yanayoyeyushwa kutengenezea betri. Walivua ovaroli, wakazitupa kwenye pipa lake, wakaoga, wakatokea mlango wa pili na nguo walizokuja nazo. Katikati alisimama yeye, na hakuna ovaroli iliyompita.

"Dobi, leo niachie niende nayo. Mke wangu aone ninavyoteseka."

"Mkeo hakuajiriwa hapa. Vua."

Meneja mwenyewe aliwahi kuambiwa vua, akavua. Mkubwa alikubali kuambiwa na mdogo, kwa kuwa wote waliliogopa vumbi lile kama nyoka.

Kisha wakaja wakubwa wapya. Walisimamisha langoni bango refu kuliko mtu, limeandikwa usalama kwanza, na nyuma ya bango hilo wakakifunga chumba cha kufulia. Aliyeletwa kumweleza Dobi alikuwa ofisa usalama, kijana mpole mwenye kofia ngumu isiyo na hata mkwaruzo.

"Mzee wangu, maji, sabuni, umeme, yote hayo ni gharama. Kila mtu atapewa ovaroli mbili, azifue kwake."

"Kwake atazifua nani?"

"Hayo sasa ni mambo ya ndani ya nyumba, mzee."

Chumba kikawa stoo ya kuhifadhia mabango.

Dobi angekwenda zake kukaa kivulini kama wastaafu wengine, lakini binti yake wa pekee alikuwa ameolewa na kijana wa tanuru, wa kiwanda hicho hicho. Waliishi mtaa wa nyuma, chumba kimoja na ua mdogo, na walikuwa na binti ambaye babu yake alimwita Kasuku, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Kabla Dobi hajafika mlangoni, alikuwa ameshaambiwa kilichopikwa, aliyegombana, na paka wa jirani alikolala.

Siku moja aliingia uani akamkuta binti yake amekaa kwenye kigoda, beseni mbele yake, maji ya kijivu. Ndani ya beseni alikuwa Kasuku, anakanyagakanyaga ovaroli za baba yake na kuimba.

"Mtoe mtoto kwenye hayo maji."

"Baba naye! Wewe umefua maisha yako yote, mbona hujafa?"

"Mimi nilifua na glavu mpaka kiwikoni, na nilikuwa mtu mzima. Hilo vumbi kwa mtoto linakula akili. Niletee mimi hizo ovaroli, nitakuwa nazifua."

Binti alimtazama kana kwamba amejitolea kumwogesha mumewe. "Baba, ufue nguo za mkweo? Watu watatuelewaje?"

Jioni mkwe akaja mwenyewe kwa Dobi, akakaa ukingoni mwa kiti, macho sakafuni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nimeambiwa, baba. Unisamehe, hilo siwezi. Nitazikung'uta nje kabla ya kuingia."

"Ukizikung'uta ndiyo unalirusha hilo vumbi. Kabla hujaoa si ulikuwa unanivulia hizo hizo kila siku?"

"Wakati ule ulikuwa Dobi, baba. Sasa wewe ni mkwe wangu."

Ni Dobi mwenyewe aliyemfunza binti yake atafute mume mwenye adabu. Angepata mlevi asiye na haya, ovaroli zingetupwa miguuni pa mzee tangu siku ya kwanza, na mtoto angepona. Heshima si utumwa, wahenga walisema. Hawakutuambia kwamba inaweza kuua.

Toka siku hiyo wakawa wanamficha. Alipofika, beseni lilikuwa limefunikwa na kamba ya uani tupu. Ovaroli zilianikwa ndani, juu ya kitanda wanacholala wote watatu, ili Dobi asizione.

Kasuku alianza kulalamika tumbo. Zahanati wakampa dawa ya minyoo. Kisha maneno yakaanza kumpungua, leo habari za paka, kesho hata salamu, mpaka akawa anamtazama tu babu yake kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani. Dobi alikwenda langoni kumwona yule ofisa, akamwomba mtoto apimwe damu kama wanavyopimwa wafanyakazi.

"Pole sana, mzee," alisema kijana, na sura yake ilikuwa ya huruma kweli. "Ila mtoto hakuajiriwa hapa."

Dobi aliyatambua maneno yake mwenyewe. Akarudi nyumbani.

Haukupita muda mkwe akapandishwa cheo, akahamishiwa kiwanda kipya mji wa mbali. Mchapakazi, mtiifu, nani angemwacha? Siku ya kuondoka, pikapu ilijaa kitanda, godoro na beseni. Dobi alikuja na glavu zake ngumu za zamani. Binti yake akazipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akazichomeka chini ya godoro. Kasuku alipandishwa nyuma, akakalishwa juu ya furushi lililofungwa kwa shuka. Kwenye fundo ilichomoza kola ya kijivu.

"Huyo mtoto mwekeni mbele," Dobi alisema.

"Mbele kumejaa, baba," mkwe alijibu, macho chini.

"Kasuku, humuagi babu?"

Mtoto alimtazama. Gari lilipoanza kwenda, akalalia furushi, shavu juu ya shuka, akafumba macho. Ndivyo Dobi alivyowaona mara ya mwisho.