Kikohozi cha Jumapili

Kwa karibu miaka mitatu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilikuwa na kikohozi kilichonishika Jumapili peke yake. Siku nyingine zote nilikuwa mzima. Nilikuwa karani wa kituo cha kununulia majani chai karibu na Kapkatet, nikipima vikapu vya wakulima, na hakuna aliyewahi kunisikia hata nikipiga chafya.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, walikusanyika kwenye baraza ya duka moja pale sokoni, nami nikawasomea gazeti la Kiswahili lililoletwa na basi. Wengi wao hawakujua kusoma. Mimi nilijua, na nilihakikisha hakuna anayelisahau jambo hilo. Nilivaa tai. Mimi ni Mkipsigis, na b na p hazijawahi kutengana vizuri mdomoni mwangu, kwa hiyo Bandari ya Mombasa niliisoma "Pandari ya Mompasa" kwa sauti ya mtu mwenye digrii mbili.

Siku moja chifu alipita, akasimama kidogo, akasema, "Soma vizuri, karani." Kisha akaenda zake. Mpaka leo sijui kama alikuwa akinitisha au matamshi yangu yalikuwa yamemchosha tu. Lakini mimi nilirudi nyumbani nimeshikwa na hofu. Tangu siku hiyo, nikifika penye habari ya mgomo, au ya mtu aliyekamatwa kwa maneno yake, nilikohoa. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka, na nilipoinua kichwa nilikuwa nimeshafika kwenye mpira.

Hebu fikiria. Mwandishi aliiandika habari ile akijua hatari yake. Mhariri akaipitisha. Serikali, pamoja na askari wake wote, ikaiacha ichapwe. Ikapanda basi, ikapita Nakuru, ikapita matope yote ya Kericho, ikanifikia mikononi salama salimini. Nami, karani wa mizani, nikaipiga marufuku, tena bila mtu kunituma.

Aliyenihurumia zaidi alikuwa mama mmoja mjane kutoka Kisii, aliyechuma chai kwenye mashamba ya watu. Kila Jumapili aliniletea asali kwenye kikombe cha bati. "Kunywa, karani. Hiyo kifua itakuua." Nilikunywa, na kijiko nikalamba. Magazeti ya zamani nilimpa yeye, akayabandika kwa uji wa unga kwenye kuta za udongo za chumba chake ili kuzuia baridi.

Mama huyu alikuwa na mtoto mmoja tu, kijana aliyesoma chuo kikuu Nairobi. Mwaka wa mwisho wa kikohozi changu, barua zake zilikatika ghafla. Mwezi ukapita, ikawa miwili, ikawa mitano. Mama akaanza kusema pale barazani, akicheka kicheko kisicho na furaha, kwamba kijana ameota mapembe, sasa anamwonea haya mama mwenye mikono ya mchuma chai. Nami nilisikia, nikalikunjua gazeti langu.

Kumbe mama alikuwa ameanza ngumbaru, masomo ya watu wazima pale kanisani. Nilimwambia anajichosha bure, na mimi nipo. Alasiri moja akaja kituoni.

"Karani, kuja nyumbani unisaidie neno moja. Imenishinda."

Nilikwenda kifua mbele. Alinipeleka kwenye ukuta wa upande wa kitanda, ambako alikuwa akijifunza kusoma baada ya kazi. Kidole chake, cheusi kwa utomvu wa majani chai, kilikuwa chini ya jina la mwanawe. Jina hilo alikuwa amelisoma mwenyewe. Lililomshinda ni neno lililofuata.

"Wa-me-zu-i..."

"Wamezuiliwa," nikasema.

Wanafunzi watatu walikuwa wamechapa kijigazeti chao, kurasa mbili tu, na wakubwa hawakupendezwa. Jumapili ya habari ile naikumbuka vizuri. Niliona jina, nikajua ni la nani. Nilikohoa kuliko siku zote, na mama huyu huyu akainuka kunisugua mgongo.

"Hii si ndio ile gazeti ulitusomea?" akauliza.

Nikainama kana kwamba natafuta tarehe ya gazeti.

"Miezi tano nalala hapa, mtoto yuko juu ya kichwa changu, na mimi namlaani ati amenyamaza. Kumbe ni wewe ulinyamaza."

Ningependa kuandika kwamba niliomba msamaha. Nilimwambia nilitaka kumwepusha na uchungu. Ulikuwa uongo, na sisi wote wawili tuliujua. Nilikuwa nimeiogopea kazi yangu na tai yangu. Niliona aibu ambayo haijaniisha hadi leo.

Kesho yake alipanda basi la Nairobi. Alimwona mwanawe kizuizini kwa dakika chache, amekonda. Kijana alikuwa akidhani mama yake amemkasirikia, ndiyo maana haji.

Jumapili iliyofuata nilifika barazani bila tai, nikiomba asiwepo. Alikuwa amekaa mbele kabisa. Alikuwa ameubandua ule ukurasa ukutani, nyuma yake bado una udongo na uji mkavu, akauweka juu ya gazeti langu jipya.

"Anza na hii. Yote."

Ng'ambo ya barabara, mlangoni pa bucha, chifu alikuwa amesimama akingoja nyama yake. Koo likaniwasha, safari hii kweli. Nikatazama mikono ya mama kutafuta kile kikombe cha bati. Mikono ilikuwa mitupu.

"Leo sijaleta asali," akasema. "Leo hutakohoa."

Nikameza mate, nikasoma.