Mkono wa Idd, Xiaobei

Krrr! Utepe wa kufungia mizigo ukivutwa, kisha ukikatwa kwa meno: hiyo ndiyo sauti ya Xiaobei nilipokuwa na miaka tisa. Guangzhou, kule China, ni jiji lisilo na mwisho, lakini Xiaobei kwetu ilikuwa mji mdogo tu, na wenyewe tulijuana: majengo ya maduka ya jumla, hoteli za bei nafuu, daraja la waendao kwa miguu, na mkahawa wa Waislamu wa Kichina ulionukia bizari na mafuta ya kondoo mpaka nguo zako zinuke. Utasikia Kiswahili cha Kariakoo ngazi hii, cha Lubumbashi ngazi ile, na wauzaji wakimjibu kila anayetaka kupunguziwa, "Meyou, meyou," hakuna, hakuna, na kitu chenyewe kiko mbele ya macho yako! Baba alikuwa wakala wa mizigo. Wenzake walikuja, wakanunua, wakaenda zao. Yeye alibaki kuwafungia makontena.

Mama alikuwa amefariki, nami kule Ng'ambo, Unguja, nilimlilia baba mpaka bibi yangu akachoka. Baba akakubali kunichukua kwa sharti moja. "Ukiweza kukaa huku mpaka Idd bila kunyong'onyea, utabaki na mimi, nikutafutie skuli. Ukishindwa, unarudi kwa bibi yako." Nikaapa. Mchana kutwa nilikaa chumbani peke yangu nikitazama malori dirishani, na aliporudi na kuniuliza, "Hujambo, mwanangu?" nilicheka mpaka gego la mwisho likaonekana. Upweke ule niliumeza kama mwarobaini, kwani nilimtaka baba kuliko kitu chochote duniani.

Kabla ya Ramadhani mji ulifurika. Akina mama wa Dar na Unguja walijaa hotelini wakinunua nguo za Idd za watoto wa pwani nzima, na korido ikawa vicheko, udi, na masufuria ya kificho, maana kupika vyumbani kulikatazwa. Walinisuka nywele, wakanitania kuwa mimi ndiye mwenye hoteli. Kisha mizigo ikapakiwa, nao wakapanda ndege wawahi kufunga kwao. Kinyozi hajinyoi: mji uliowavisha watu Idd ulibaki hauna Idd. Nikawa nafuturu na baba kimya kimya, sahani moja, mikono miwili.

Asubuhi ya Idd tulisali, baba akanivisha gauni jipya, simu ikalia: kontena linafungwa. "Nakwenda mara moja," akasema. Adhuhuri ikaingia, hajarudi. Kwetu saa zile watoto tungekuwa tumeshazunguka mtaa mzima tukigonga milango, tukiamkia watu na kupewa mkono wa Idd, visenti vya kwenda navyo kwenye pembea za Mnazi Mmoja. Sikutaka pesa, wallahi. Nilitaka mtu afungue mlango, alione gauni langu, aseme mashaallah. Nikatoka koridoni. Mlango wa kwanza, kimya. Wa pili, Mchina mmoja akanipungia mkono niondoke. Wa tatu ukafunguliwa na Mama Beya, mfanyabiashara Mkristo wa Lubumbashi, aliyefika juzi tu. "Mkono wa Idd," nikasema, kiganja nimekinyoosha.

Mila yetu hakuijua. Alichokiona ni mtoto anayeomba. Machozi yakamlenga, akaniingiza ndani, akasonga bukari, ugali wa kwao, akanilisha na samaki kwa mkono wake mwenyewe. Nami, mjinga mie, nikafurahi kupata mwenyeji! Tuliposikia baba amerudi, Mama Beya alinishika mkono akanipeleka kwake. "Papa, pole sana. Huyu mutoto iko na njala. Iko analomba feza ku milango ya watu."

Baba alifungua kinywa amweleze mambo ya Idd, akanitazama, akakifunga. "Ulikuwa unataka nini, mwanangu?" Kwa kushiba na kubembelezwa nilikuwa nimejisahau. "Nilitaka watu, baba." Hapo kilio kikanitoka, kilio cha miezi yote, na sikuweza kukizuia. Hakunigombeza. Alimshukuru Mama Beya, akafunga mlango, akaanza kukunja nguo zangu moja moja. Nilimwambia nilikuwa nikitania tu. Akaendelea kukunja. Wiki ile ile nilirudi kwa bibi.

Nikapata Idd zote za dunia, nikamkosa baba. Leo nina nyumba yangu hapa Unguja, na siku ya Idd watoto wa mtaa hawaniachii hata kaimati moja. Baba bado yuko Xiaobei, ingawa siku hizi wateja wengi wanaagiza mizigo kwa simu, na koridoni, anasema, unaweza kusikia lifti ikipanda. Idd iliyopita tulipigiana simu ya video. Alikuwa amevaa kanzu, amekaa kitandani, na mezani pake palikuwa na kikombe kimoja.

"Umepata wageni, baba?"

"Aa, walijaa tele! Wametoka sasa hivi."

Nikamwambia arudi nyumbani. "Mwakani, inshaallah," akasema, kama asemavyo kila mwaka. Hapo watoto wakagonga mlango wangu kwa kelele zao, naye akawasikia.

"Kawafungulie," akaniambia. "Lakini simu usiikate, mwanangu. Iache hapo, niwasikilize."