Ndila na Alama ya Mzee Kivuva

Katika banda la wachongaji wa Ukunda, kazi ya mwanamke ni msasa. Mwanamume hupiga tezo, akatoa twiga au kifaru katika gogo la mwarobaini, kisha akakigeuza kinyago na kukata alama yake kwenye kitako kwa ncha ya kisu. Mwanamke hukipokea na kukisugua mpaka kiteleze mkononi. Pahali pamoja tu hagusi, napo ni kitakoni. Akipasugua hapo, alama hufutika, na kinyago kisicho na alama ni mali ya banda. Wachongaji waliotoka Ukambani walikuja na sheria hiyo pwani, na hakuna aliyewahi kuihoji.

Ndila aliishi nayo miaka mingi. Mumewe, Mumo, alikuwa mchongaji. Alipofariki, Ndila alibaki na wanawe, shamba dogo la mihogo na tezo ya marehemu. Wazee wa banda walitaka tezo irudi kwao, kwa kuwa ni chombo cha wanaume.

"Ni chombo cha nyumba yangu," aliwajibu, na mlango akaufunga.

Zikaja fujo za mwaka wa tisini na saba. Watu wengi wa bara walifunga mizigo wakarudi makwao, na hoteli za Diani zikakosa wageni. Ndila hakuondoka. Mume wake amezikwa hapa, alisema, na wanawe wamezaliwa hapa, arudi wapi? Siku za hofu kubwa alifichwa na jirani yake Mejumaa, Mdigo wa hapo hapo, ambaye aliwaambia waliokuja kuuliza kwamba nyumbani mwake hamna mtu ila kuku.

Bandani hapakuwa na vinyago vya kusugua. Ndila akaishika ile tezo, akaanza kumchonga Mejumaa. Alimchonga akiwa ameketi juu ya mbuzi, anakuna nazi, mguu wa kulia ameukunja na wa kushoto ameunyoosha, maana goti la kushoto halikunjiki tangu utotoni na lina uvimbe ubavuni kama kokwa. Alilichonga hata goti hilo, na uvimbe wake.

Kisha akafanya kosa. Alisugua kinyago chote, lakini kitako hakukigusa, kwa mazoea ya mkono. Wala hakutia alama, kwa sababu mwanamke wa banda lile hana alama. Akakipeleka bandani kisubiri mnunuzi. Mkuu wa banda, Mzee Kivuva, ambaye pia ni mzee wa kanisa letu, alikigeuza, akaona kitako kitupu, akakata pale mistari yake mitatu. Ndila hakujua.

Mwaka uliofuata, shule kongwe ya sanaa na ubunifu iliyo njia ya Msambweni ilifungua milango kwa wageni. Ndila alikuwa akiipita tangu alipoolewa, akiziona kuta zake za mawe ya matumbawe na paa lake la vigae vyekundu, lakini hajawahi kuvuka lango. Siku hiyo alivaa nguo ya kanisani, akajitanda kanga, akaenda na Mejumaa.

Waliona meza za useremala zilizochakaa kwa viwiko vya vizazi, na ukutani picha za wanafunzi wa kwanza, wamejipanga safu kwa safu.

"Wote wanaume," alisema Mejumaa. "Wanawake walikuwa wapi?"

"Nyuma, wanapiga msasa."

Wakaingia ukumbini. Mejumaa alitangulia, na mara akashika kiuno mbele ya kabati la kioo.

"Ndila wee, njoo unione! Nimetiwa ndani ya kioo kama andazi la dukani!"

Ndila alikuja akatazama. Chini ya kinyago paliwekwa kadi: *Mkuna Nazi. Mchongaji: Kivuva wa Ukunda.* Mzee Kivuva mwenyewe, aliyekileta kionyeshwe, alikuwa amesimama kando na mwalimu mkuu, Bwana Chome, akipokea pongezi za wageni.

"Shikamoo, Mzee Kivuva," alisema Ndila.

"Marahaba, binti yangu. Umekuja kutembea?"

"Nimekuja, na nimeikuta kazi yangu imevaa jina lako."

Kivuva alicheka kidogo, akitazama watu. "Haikuwa na alama. Sheria unaijua."

"Sheria inasema ni ya banda. Haisemi ni yako."

"Na banda ni nani kama si mimi?" Akamwinamia, akapunguza sauti. "Nimekusaidia, Ndila. Wangejua ni kazi ya mwanamke, ingefika hapa? Nyamaza, tutaongea nyumbani."

"Tutaongea hapa hapa."

Bwana Chome aliinua mkono. "Jamani, tusiharibu siku. Mama, una ushahidi gani?"

Ndila hajajibu, Mejumaa akamsogelea mzee, kanga ameikaza kifuani.

"Mimi nina swali dogo tu, mzee wangu. Hili goti langu lenye kokwa, wewe uliliona wapi?"

Akalipigapiga goti juu ya nguo.

"Mimi hukunia nazi uani kwangu, nako kuna ua wa makuti pande zote. Mume wangu amelijua goti hili, na Ndila analijua. Wewe uliingia lini? Uliruka ua, au ulichungulia?"

Watu waliangua kicheko. Mzee akisema ameliona, amejifunga. Akisema hakuliona, amejifunga vile vile.

"Kifungue kioo, mwalimu," alisema Ndila. Bwana Chome alisita, kisha akatoa ufunguo.

Ndila alikitoa kinyago, akaketi kwenye kizingiti cha ukumbi, akafungua pindo la kanga. Mwanamke wa msasa hatembei bila kipande chake. Akakigeuza kinyago na kuanza kusugua pale ambapo mkono wake haujawahi kupita. Mistari ile ilikuwa imekatwa kwa kina, kwa hiyo hakuifuta upesi. Wageni walisimama wakitazama, na unga wa mwarobaini ulimwagika magotini pake. Mzee Kivuva aliondoka kabla mstari wa tatu haujaisha. Ulipoisha, Ndila aliomba kisu, akakata duara moja kama kifuu cha nazi.

"Sasa badilisha kadi," alisema.

"Mama, kadi zilipitishwa na kamati," alijibu Bwana Chome. "Kiache tu kikae. Mwaka ujao tutaona."

"Basi mwaka ujao nitamleta." Alimfunga mkuna nazi ndani ya kanga, akamweka begani.

"Nibebe taratibu," alisema Mejumaa, "nina goti bovu."

Wapo kanisani wanaosema Ndila alimvunjia mzee heshima mbele za watu. Mimi nasema heshima ya mzee haijengwi kwa jasho la mjane, na anayeiba hadharani hana haki ya kudai akemewe faraghani.

Wiki ile, Mzee Kivuva alimpelekea twiga wanane wa kusuguliwa, kana kwamba hapakutokea neno. Ndila aliwarudisha kama walivyokuja, wana makovu ya tezo toka kichwani hadi kwatoni.

"Mwambieni siku hizi nachonga," aliagiza.

Sasa ana kibanda chake kando ya barabara, na mkuna nazi ameketi mbele, hauzwi. Bwana Chome alisimama pale mwezi uliopita, akamwomba amrudishe kabatini.

"Kadi umeiandika?" aliuliza Ndila.

"Tutaiandika akishafika."

"Iandikeni kwanza, niisome, ndipo afike."

Mwalimu alikwenda zake. Ndila aliinama, akaokota tezo ya Mumo, akaendelea na gogo aliloanza asubuhi.