Leo nimejibu swali la kichaa cha mbwa

Leo nimepigiwa makofi darasani, na sasa nimekaa nje ya chuo nalia.

Mwalimu alinisimamisha nieleze kirusi cha kichaa cha mbwa.

Nikaeleza vizuri, jamani. Kwamba kina umbo la risasi. Kwamba hakiwezi kuzaliana chenyewe, kinaingia kwenye seli ya neva na kuitumia kutengeneza nakala zake. Nakala hizo zinapanda taratibu hadi kwenye ubongo.

"Na dalili zikishaanza?"

"Hakuna tiba, mwalimu."

Makofi.

Natoka tu, mama mdogo anapiga simu kutoka kijijini kwetu Chita.

"Mwanangu, mjomba wako anaumwa. Akiletewa maji anashtuka, koo linambana."

Nikauliza kama aliwahi kung'atwa na mbwa.

"Kale kajibwa ka jirani? Kalimng'ata kidogo tu kipindi cha mavuno, tukafunga kitambaa. Kidonda kilishapona. Wewe si ndiye daktari wetu? Tumpe dawa gani?"

Nikasema, "Mleteni hospitali huku Ifakara, mama."

Mjomba akaomba simu. Sauti imekauka, lakini anacheka. "Nikipata nafuu, nitapita nikione hicho chuo chako."

Wako njiani.

Jamani, mbwa akikung'ata hata kidogo, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi, kisha nenda ukachanjwe siku hiyohiyo.

Na mnisaidie. Nikimwona mjomba nitamwamkia shikamoo. Baada ya hapo nimwambie nini?