Salamu Zilijaza Kisanduku

Asubuhi ile mkewe alimpigia pasi shati la kazi, ingawa mzee alishaacha kazi ya kupaka rangi nyumba miaka mitatu iliyopita.

"Shati halijui kama umestaafu," alisema.

Kisha akavaa miwani, akaketi na simu. Mtaani walimwita Mama Kalamu. Wasiojua kuandika walimwendea, naye akawaandikia: barua za posa, za rambirambi, za kuomba kazi. Mumewe, ambaye hata herufi hazijui, ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza. Akamwoa.

Siku hiyo mke aliandika ya kwake mwenyewe. Hospitali haikupokea tena watu mlangoni. Ujaze fomu kwenye simu, ueleze unachoumwa, wakupangie siku. Kifua kilikuwa kinambana tangu juzi, na mkono wa kushoto unakufa ganzi.

Aliandika kwa kidole kimoja, macho kwenye vitufe, akijisomea: "Mheshimiwa daktari, salamu nyingi. Natumaini u mzima, wewe na wa nyumbani kwako. Sisi huku hatujambo. Ama baada ya salamu..."

"Bibi wee, utamwuliza na kuku wake?"

"Na mbuzi pia. Kunywa chai yako."

Akafika kwenye kifua. Akafika kwenye mkono. Mzee alikuwa anachungulia begani kwake. Aliona maandishi yameacha kuongezeka, kidole kinagonga tu. Akadhani simu ndivyo zilivyo. Akanywa chai yake.

Wakampangia baada ya wiki tatu. Siku ya tano mkewe akaanguka jikoni, hakuinuka.

Baada ya mazishi, jirani yao muuguzi akaifungua ile fomu.

"Babu, kisanduku hiki kinapokea herufi mia tu. Zikijaa kinagoma kimyakimya. Neno la mwisho walilopata ni 'hatujambo'."

"Na kifua?"

"Hakikuingia, babu."

"Mkono?"

Muuguzi akamrudishia simu.

Shati lile bado linaning'inia kwenye msumari, na mikunjo ya pasi haijavunjika. Mzee halivai. Hukaa akilitazama, kidole kile kikimgonga kichwani. Angesema neno moja tu: mama, maandishi yamesimama. Alikuwa na mdomo. Akautumia kutania.

Na hata utani wenyewe alikuwa ameurudia, safari hii kwa dhati, kabla mkewe hajatuma. Alimwambia aruke salamu hizo, aende moja kwa moja kwenye ugonjwa. Mkewe akavua miwani, akamtazama kama mtoto aliyekosa adabu.

"Mzee wangu, unamvamiaje mtu na shida zako hata hujamjulia hali?"