Nyongeza ya Papa Furaha

Vumbi ikiungua ndani ya mashini ya gemu iliyopata moto, mi naweza kunusa toka hapa mpaka Tanzania. Usicheke. Juzi mtoto yangu alinivuta kwa duka moja hapa Muyinga, tukakuta watu wamejaa wanamupigia muuzaji kelele: mashini ya gemu imepanda bei tena, na michezo yake nayo imepanda. Mmoja anasema, "Tusinunue wote, tuone kama atakula plastiki!" Mi nikafungua mdomo nimusaidie kutukana. Ile harufu ikaniingia puani, mdomo ikajifunga yenyewe.

Utotoni tulikaa Musinzira, kule Gitega. Papa Furaha, Mkongomani wa Uvira, alikuwa na kachumba ka mabati, televizyo yenye tumbo kama ya mjomba yangu, na mashini moja ya gemu, yenye ile harufu. Mechi ni faranga mia. Tulikuwa watoto elfu mbili ndani, nakuambia, mtu anapumulia sikio ya mwenzake. Msichana nilikuwa peke yangu, na nilikuwa nawafunga wote. Waliniita Kapiteni.

Na kulikuwa nyongeza. Unajua soko zetu: mama akikupimia maharagi bila kutupia konzi moja juu, hapo hamjauziana, mumegombana. Na sisi mechi ikiisha tunaimba, "Papa Furaha, nyongeza!" Anatuachia dakika mbili za bure, ananung'unika, "Mtanimaliza, nyie watoto."

Siku moja tukakuta ameandika na makaa kwa mlango. Kusoma ilikuwa bado inanipiga chenga, nikasomewa: mechi ni mia mbili, nyongeza hakuna.

"Bei imepanda, wana yangu," akasema.

"Imepanda mti gani?" nikamujibu. "Iambie ishuke!"

Mia mbili, sha, tungesaga meno tu. Lakini nyongeza! Tuliona kama ametutukania mama.

Tukafanya greve: hakuna mtoto kuingia kwake. Tulifinyanga maneti za udongo, zile za kushika mkononi na kubonyeza, tukakaa mbele ya mlango yake, tukacheza mechi za mdomo. "Anapita mmoja, anapita wawili, anapita kanisa, gooooli!" Nyongeza yetu ilikuwa masaa tatu. Mtoto akikaribia mlango, tunamuzomea, "Mla mia mbili!" mpaka anarudi kwao analia. Wiki ya kwanza Papa Furaha alikasirika. Ya pili alitoa kiti, akakaa anatuangalia. Kisha akashindwa kunyamaza: "Eh, Kapiteni! Ile ni hors-jeu, bana, umeotea!" Tukacheka mpaka mbavu zikaomba ruhusa. Tukajua tumeshinda.

Na kweli tulishinda. Asubuhi moja tulikuta mtu anafunga mashini juu ya baiskeli. Kumbe haikuwa ya Papa Furaha, alikuwa anaikodi, na ile bei iliyopanda ilikuwa ya mwenye mashini. Tukaimba, tukaruka. Jioni tukarudi kwa maneti zetu za udongo, lakini mechi haikuwa na utamu. Mlango ya Papa Furaha ilikuwa imefungwa, hakuna mtu wa kusema hors-jeu.

Nilimuona tena nikiwa mkubwa, mtoto mgongoni, kwa soko ya Buhinyuza. Anauza karanga na kikopo, nywele yote nyeupe.

"Kapiteni wa greve!" Akacheka, kicheko ikageuka kikohozi.

Nikanunua vikopo viwili. Mi huyu, niliyegombana na soko yote ya Burundi juu ya konzi ya maharagi, siku ile nilifunga mfuko haraka nisimuombe kitu. Akanishika mkono.

"Ngoja kwanza."

Akachota kikopo cha tatu, akakijaza mpaka karanga zikaanguka chini, akamwaga ndani ya mfuko yangu.

Kwa ile duka sikupiga kelele. Na sikununua pia, hata nikiuza mabega yangu haitoshi. Nikamushika mtoto mkono, tukatoka. Utotoni nilifikiri nyongeza inatoka ndani ya mashini. Kumbe ilikuwa inatoka kwa sahani ya Papa Furaha.

Zile karanga nilizibeba toka Buhinyuza mpaka hapa Muyinga. Kikopo kimoja tu cha bure, na mgongo bado inaniuma.