Siku Niliyompa Lennart Pole ya Mpiga Ngoma

Ilikuwa saa nane na dakika kumi na saba mchana, Jumamosi, na nina hakika na dakika hizo kwa sababu niliitazama saa ya ukutani nisije nikaonekana nimezungumza mapema mno, nilipofungua mdomo sebuleni kwa watu na kuanzisha aibu ambayo mpaka leo wenzangu wa kanisani, tukikutana pale stesheni ya treni ya Vårby gård, wanashusha sauti na kuniuliza kama wiki hii kuna msiba wowote nimeusikia. Nawaacha wacheke. Nimeshakubali kwamba kosa lilikuwa langu, ingawa kila nikilipitia hatua kwa hatua, kama nilivyozoea kupitia mambo yangu yote, siioni hatua yenyewe niliyokosea.

Binti yangu Furaha anaolewa na kijana Mswidi aitwaye Johan. Siku hiyo ndiyo tuliyoalikwa, mimi na mke wangu, kwenda kunywa kahawa ya mchana kwa wazazi wa Johan, Lennart na Birgitta, ambao tulikuwa hatujawahi kuwaona. Haikuwa kahawa tu. Nyumba yao ina ghorofa ya chini yenye jiko lake na mlango wake, haina mtu, na watoto walikuwa wameomba wakaishi humo, maana katika mji huu ukijiandikisha foleni ya kupata nyumba unaweza ukazeeka bado namba yako haijafika. Lennart hakusema ndiyo wala hapana. Alisema kwanza awaone watu anaotaka kuwa ndugu nao.

Furaha akanionya wiki tatu kabla, kwa Kiswidi (tangu aanze shule ananijibu kwa Kiswidi hata nikimsalimu kwa Kiswahili), kwamba nisihutubie, nisiombe sala ndefu, niongee tu kama watu wanavyoongea. Nikamuuliza niongee nini na mtu ambaye yeye mwenyewe anasema hazungumzi. Akasema Lennart anapenda kitu kimoja tu duniani, bendi moja ya roki ya Waingereza ambayo ameifuata tangu utotoni, na kwamba yumo katika chama cha wapenzi wa bendi hiyo, watu wazima wenye mvi wanaosafiri pamoja kila kiangazi kwenda kuisikiliza.

Mimi sizungumzi kitu nisichokisoma. Umeme nilijifunza mwenyewe, mabomba nilijifunza mwenyewe, kodi za nchi hii nilijifunza mwenyewe, kwa daftari na kalamu. Kwa hiyo nikanunua albamu yao ya mkusanyiko, CD mbili zenye nyimbo thelathini na nane, kuanzia wimbo wa kwanza waliorekodi wakiwa vijana mpaka wa juzi, zikiwa zimepangwa kwa kufuata miaka, pamoja na kijitabu. Kazi yangu ni kutunza jengo la gazeti moja huko Sundbyberg, na kwa wiki tatu kila saa ya mapumziko nilishuka chumba cha mitambo ya joto nikasikiliza na kuandika.

Nakiri kwamba mwanzoni sikuelewa kitu. Nilidhani nyimbo zote zilirekodiwa pamoja, kama kwaya yetu ilivyofanya, siku nne studio na kazi imekwisha, kwa hiyo sikuona imekuwaje mwimbaji aingie wimbo wa kwanza akiwa kijana wa kuvunja sauti na atoke wa thelathini na nane akikohoa kama marehemu mjomba wangu. Kijitabu ndicho kilichonifumbua macho. Na katika wimbo wa kumi na tano nikagundua jambo jingine: ngoma zimebadilika, mkono si ule. Nikatafuta, na ukurasa wa kumi na moja, chini kabisa, kwa herufi ndogo, nikasoma kwamba mpiga ngoma wa kwanza alifariki, na wenzake wakakaa kimya muda mrefu kabla ya kumchukua mwingine. Mistari miwili tu. Mtu amewapigia nyimbo kumi na nne halafu anapewa mistari miwili. Iliniuma, nikapiga mstari mwekundu katika daftari.

Ndani ya treni ya kwenda Hjulsta, ambako ndiko tungeshuka, nikafanya uamuzi. Kwetu Uvira mtu aliyefiwa, kama hamjaonana tangu afiwe, ukikutana naye unampa pole kwanza, hata iwe imepita miaka kumi. Mimi mwenyewe nilipewa pole ya kaka yangu miaka sita baada ya kumzika, uwanja wa ndege, mbele ya mizigo. Lennart alimpenda yule mpiga ngoma tangu utotoni, na mimi na yeye hatujawahi kuonana. Nikamweleza mke wangu. Akafikiri kidogo, akasema ni kweli, tungeonekana watu wasio na adabu, akatoa bahasha kwenye mkoba akatia noti ya kronor mia tano, fedha ya huku.

Basi, kahawa ikamiminwa, Furaha na Johan wakawa jikoni wanakata keki, Birgitta ametusifia makoti yetu na mazungumzo yamekwisha. Nikasimama. Nikamwambia Lennart kwa sauti ya chini yale maneno tuliyofundishwa shule ya Kiswidi ya kumwambia mfiwa, jag beklagar sorgen, kwamba nasikitika kwa msiba wake, habari za mpiga ngoma wao nimezipata kazini na zimeniumiza sana. Nikampa bahasha kwa mikono miwili.

Rangi ikamtoka usoni. Akaniuliza, "Kazini kwako? Pale kwenye gazeti?"

Nikasema ndiyo, na kwamba jana jioni nilihakikisha tena, nisije nikasema jambo nisilo na hakika nalo.

Akauliza kama habari imeshatoka. Sikuelewa swali, nikamjibu nilichokijua, kwamba imeandikwa mistari miwili tu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akainuka akatoka, Birgitta akamfuata, tukabaki mimi na mke wangu na vikombe.

Juu tukasikia nyayo, na sauti ya Lennart kwenye simu, kisha simu nyingine, kisha nyingine. Baadaye kupitia dirishani nikamwona bustanini, kichwa wazi kwenye baridi, anashusha bendera kwenye mlingoti wao mpaka nusu. Nami nilikuwa nimesoma kwamba Waswidi wakishusha bendera nusu nyumbani, nyumba hiyo ina maiti. Hapohapo Birgitta akapita koridoni na simu sikioni, nikamsikia anasema amekufa, ndiyo, tumepata habari sasa hivi.

Nikaunganisha mambo hayo matatu, simu, bendera, na "sasa hivi", nikafikia jibu ambalo hata leo naliona ni la mantiki: wakati sisi tumekaa pale, kuna ndugu wa familia amefariki. Nikamwambia mke wangu. Akaweka kikombe chini.

"Papa Furaha, tumeingia kwa watu saa ya msiba, na sisi tunangoja keki."

Akampigia Mama Riziki, kiongozi wa akina mama wa kanisa letu. Siku hiyo walikuwa Hjulsta palepale, katika ukumbi tunaopanga, wanapika chakula cha mkutano wa vijana. Mama Riziki hakuuliza ni nani wala wa wapi. Aliuliza namba ya nyumba.

Kabla hawajafika, maana chakula kilikuwa bado motoni na kilichukua zaidi ya saa nzima, wakaanza kuja Waswidi. Wanaume wenye mvi, wanawake wawili watatu, makoti meusi ya ngozi, macho mekundu, wanakumbatiana mlangoni na Lennart. Mimi nikajiunga na Johan, ambaye yeye na Furaha walikuwa wameambiwa tu kwamba kuna mtu amefariki, kubeba viti kutoka ghorofa ya chini, na moyoni nilifarijika, maana nimeishi hapa miaka kumi na minne nikiambiwa Mswidi hufiwa peke yake, mlango umefungwa. Mzee mmoja mwenye nywele ndefu alizozifunga kisogoni kama mkia nikampa pole na kumuuliza alikuwa nani wa marehemu. Akasema walikuwa pamoja tangu ujana, ingawa hawakuwahi kuzungumza. Nikachanganyikiwa. Nikadhani ni ugomvi wa mirathi, nikampa pole ya pili.

Kisha zikasimama teksi mbili. Akina mama wanane wakateremka na vitenge vyao na sufuria tatu zimefungwa taulo, wali, maharage na samaki, wakaingia wanaimba polepole, sauti nne, kama tunavyoingia nyumba yenye msiba. Mama Riziki akaenda moja kwa moja kwa Lennart, mtu asiyezungumza, akamkamata akamweka kifuani. Na Lennart akalia. Alilia mabega yakitikisika, na wale wenye makoti ya ngozi wakaanza kulia naye, na Furaha amesimama mlango wa jikoni na sahani ya keki, anatazama huku na huku.

Mama Riziki akamwacha apumue, akamwambia Furaha amuulize baba mkwe wake: marehemu alikuwa nani wake?

Furaha akatafsiri. Lennart akafuta uso, akanionyesha kwa kidole.

"Mpiga ngoma wetu. Huyu baba aliipata habari kazini, kabla haijatangazwa."

Wote wakanigeukia. Nami nikasema, nikiwa bado sijaona shimo lililo mbele yangu, kwamba ni kweli, pole ya mpiga ngoma niliitoa, lakini huyu aliyefariki leo ni nani?

Furaha akaweka keki mezani, akaniambia kwa Kiswahili, Kiswahili safi ambacho sijakisikia kinywani mwake tangu ana miaka saba:

"Baba. Ulisoma wapi?"

"Kwenye kijitabu cha albamu. Ukurasa wa kumi na moja."

Nikakitoa mfukoni, maana nilikuwa nimekibeba. Yule mzee wa nywele za mkia akavaa miwani, akasoma, akampa aliye karibu naye, kikazunguka chumba kizima mkono kwa mkono kama kapu la sadaka. Mtu mmoja akatafuta kwenye simu akatangaza kwamba mpiga ngoma wa sasa, yule wa pili, waliyekuwa wakimlilia, asubuhi hiyo ameweka picha akiogesha mbwa. Waswidi ishirini na kitu, wengine wametoka mji mwingine, Uppsala, kwa gari, wakanitazama. Hawakupiga kelele. Ningependa wangepiga. Mke wangu akanong'ona kwamba kuanzia leo redio peke yake, isiyo na kijitabu, ndiyo itakayosikilizwa nyumbani kwetu.

Ningeondoka, lakini Mama Riziki alikuwa ameshapakua, na mtu hapewi sahani na Mama Riziki akaiacha. Watu wakala. Mmoja akaweka CD ya kwanza, wimbo wa kwanza, na wale wenye makoti wakawa wanawaeleza akina mama kwa mikono ni wapi ngoma inaingia.

Lennart alikuwa ametoka tena kupandisha bendera. Nikamfuata kumwomba radhi, nikamshikia kamba kwa kuwa upepo ulikuwa unaisumbua. Nilianza hotuba niliyoipanga, nikaonya kwamba ina sehemu tatu. Akanikatiza.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba yule wa kwanza alipokufa," akasema. "Nilimwambia baba yangu. Akaniambia nikamalize kukata nyasi."

Akafunga kamba, akasema samaki atapoa, tukaingia ndani. Mpaka leo sijui kama alinisamehe pale, au alikuwa ananieleza habari za nyasi tu. Furaha hakunipigia simu siku kumi na moja.

Nimeapa mbele ya mke wangu kwamba sitampa mtu yeyote pole tena bila kuuliza kwanza mambo mawili, ni nani na ni lini, hata kama jeneza liko mbele yangu. Lakini Jumatatu ile Lennart alimpa Johan ufunguo wa ghorofa ya chini, bila maelezo, akataja kodi ya kronor elfu tatu kwa mwezi pamoja na umeme. Nyumba ya ukubwa huo, nimeulizia sehemu nne, ni elfu tisa. Wanaokoa kronor elfu sita kila mwezi, na Furaha anasema bado hazijafidia aibu ile.